Siku Kumi na Nne za Paka wa Hezekia

Daftari la kituo cha mifugo cha Makambako lilikuwa na safu za ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mbwa aliandikwa chini kabisa, penye maelezo mengineyo, na hapo ni pale tu alipohofiwa kuwa na kichaa. Paka hakuwa na safu. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba mwezi wa tano wa mwaka 1955, mama mmoja aliposhuka kwenye lori la Laurenti akiwa na tenga lililofunikwa kwa kipande cha gunia, na ndani ya tenga ikatoka sauti ya paka, sikufurahi hata kidogo.

Nilikuwa msaidizi wa mifugo, mtu wa Makete, niliyesomea kazi Mpwapwa. Bwana Mifugo mwenyewe, Mzungu, alikaa Njombe na alikuja kwetu mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kituo kilikuwa changu. Kazi kubwa pale ilikuwa karantini: ng'ombe wa biashara walioswagwa kutoka Usangu walizuiwa kwenye mazizi yetu siku kumi na nne, wakaangaliwa mdomo na kwato, ndipo wenyewe wapewe cheti waendelee na safari. Siku ya kumi na tatu mfanyabiashara angeweza kunililia machozi, nisimtoe. Nilijulikana kwa hilo barabara nzima, na nilijivunia.

"Kamwene, bwana mifugo," alisema yule mama.

"Kamwene, mama. Hapa ni pa ng'ombe."

"Najua. Nimepita Njombe, wakaniambia bwana mkubwa yuko safarini. Wakasema nawe unazo dawa, bwana Anyisile wa Makambako."

Jina lake Hulda. Alitoka Kifanya, huko ng'ambo ya Njombe, na alikuwa juu ya magunia ya mahindi tangu alfajiri. Akalifunua tenga. Ndani mlikuwa na paka jike wa kijivu mwenye michirizi, aliyekonda mpaka mifupa ya mgongo ikahesabika. Masikio yalikuwa yamevimba na kujaa magamba. Magamba yameshuka mpaka kwenye paji la uso na kuanza kuyafunga macho, na shingo yote haikuwa na manyoya, ni damu tu ya kujikuna. Niliutambua ugonjwa mara moja. Ni utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho wanaochimba chini ya ngozi. Paka akifungwa macho na magamba haoni, asipoona hali, na asipokula mwisho wake unajulikana. Nilimpa wiki tatu.

"Mama, paka wapo wengi," nikasema. "Tafuta mwingine."

"Wapo," alijibu. "Ila huyu analala miguuni kwa mume wangu."

Nilicheka. Nilidhani ni deko la wazee. Hulda alisubiri nimalize kucheka, kisha akanieleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayemweleza karani habari za shamba lake.

Mume wake, Hezekia, aliwahi kuugua ukoma. Vidonge vilipokuja alivimeza miaka mitatu, na daktari wa misheni akasema ugonjwa umesimama. Ulisimama kweli, lakini miguu haikurudi. Ukimwekea kaa la moto juu ya unyayo, atajua kwa harufu. Na nyumba yao, kama nyumba zote za kwao, ilihifadhi mahindi darini juu ya meko, na penye mahindi pana panya. Usiku panya walishuka wakala vidole vya Hezekia amelala. Hakusikia kitu. Asubuhi ndipo walipoona. Mguu wa kushoto ulipoteza vidole viwili na kipande cha kisigino kwa njia hiyo, na sasa ulikuwa wa kuburuta tu. Kisha akapatikana huyu paka, na kwa miaka minne panya hawakugusa tena. Mguu wa kulia ulikuwa mzima. Kwa mguu huo Hezekia aliweza kusimama, akapanda maharage yake, akaenda kanisani Jumapili.

"Azima paka wa jirani," nilisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Majirani ni watu wema. Wananiletea kuni, wananiletea mboga. Lakini paka aliyelala kwetu hawezi kurudi kulala kwao. Wanaogopa. Nililetewa mtoto wa paka pia. Panya wa kwetu walimkimbiza."

Niliona aibu kwa kile kicheko, nami nikiona aibu huwa mkali. Nikamgombeza kwa nini hakuja mapema. Akainamisha kichwa, akakubali kosa ambalo halikuwa lake.

Kwenye stoo nilikuwa na vitu vitatu vya kuua wadudu wa ngozi. Cha kwanza kilikuwa dawa ya josho, ambayo ni sumu kali. Ng'ombe anaogelea ndani yake akatoka anatikisa masikio tu, lakini paka angekufa kabla hajakauka. Cha pili kilikuwa unga mweupe wa kuua kupe na chawa, uliokuwa umeletwa karibuni, na kila mtu aliusifu. Unga huo ungemaliza utitiri kwa siku mbili. Nikaligeuza kopo nikasoma maandishi madogo ya Kiingereza upande wa chini. Yalisema usitumike kwa paka. Hayakusema kwa nini, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Mwalimu wetu Mpwapwa alikuwa akirudia kila wiki mpaka tukachoka: paka si ng'ombe mdogo. Usimpigie hesabu kwa kumgawanya ng'ombe vipande. Paka anajilamba kutwa nzima, na chochote utakachompaka mgongoni asubuhi, jioni kiko tumboni.

Cha tatu kilikuwa salfa. Unga wa njano, dawa ya zamani, inafanya kazi polepole, unauchanganya na mafuta ya ng'ombe na kumpaka. Nayo ina hatari zake. Paka akiilamba nyingi atatapika na kuhara, na yule hakuwa na nyama ya kupoteza. Tulivuka barabara mpaka dukani, tukamweka juu ya mizani akiwa ndani ya tenga, kisha tukapima tenga tupu. Paka alikuwa ratili tano na kidogo. Mwenye duka alituangalia kama vichaa.

Nilimwambia Hulda kila kitu. Sipendi kumficha mwenye mnyama. "Unga mweupe ni wa haraka, lakini nadhani utamuua. Na ukimwingia mzee kwenye vidonda vyake, sijui utamfanya nini. Salfa ni ya polepole, na ikimzidi inaweza kumuua pia. Tusipompaka chochote atakufa baada ya wiki tatu."

Alifikiri. "Angekuwa paka wako?"

"Sina paka."

"Ungekuwa naye."

"Ningempaka salfa kidogo kidogo."

"Basi mpake."

Alitaka nimpe dawa kwenye kopo aende nayo nyumbani. Hilo nalo nililipima, na mpaka leo naamini nililipima vizuri. Salfa ilitakiwa kupakwa theluthi moja ya mwili kwa siku, ya kichwa kwanza, na kipimo kupunguzwa paka akianza kutapika. Mtu asiyejua angeweza kumpaka mwili mzima kwa huruma, akamwua. Tena paka mwenye dawa angelala juu ya miguu yenye vidonda. Nikaamua abaki kituoni.

"Kwa siku ngapi?" Hulda aliuliza.

"Kumi na nne."

Siku hizo sikuzipima. Zilinitoka mdomoni kama zilivyonitoka kila siku kwa miaka sita.

Hulda alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. "Nitakesha," alisema. Nililisikia neno hilo vizuri kabisa, na halikunikaa, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye mafuta na salfa. Mama kama yule hakuwa na desturi ya kubishana na mtu wa serikali aliyevaa kofia. Akanishukuru, akasema, "Wewe ndiye unayejua, bwana," akapanda lori la jioni na tenga tupu.

Nilitia safu ya paka kwenye daftari kwa wino na rula. Nikakata ngozi kavu ya ng'ombe kutoka banda la ngozi, nikaifanya mviringo wenye tundu katikati, nikamvisha shingoni ili asiweze kujilamba. Alinichukia. Alirudi kinyumenyume chumba kizima akijaribu kuitoka ile ngozi, akagonga ndoo, akalala nyuma ya mlango amenipa mgongo.

Siku ya tatu alitapika. Siku ya nne alihara, akawa mwepesi mkononi kama kitambaa kikavu. Niliogopa, na nilishangaa kujiona naogopa. Nilikuwa nimewaona ng'ombe mia moja wakifukiwa kwa siku moja bila kupoteza hamu ya kula. Nikapunguza salfa kwa nusu. Nikampa maji kwa kijiko, na maziwa niliyokuwa nimenunua kwa ajili ya chai yangu. Siku ya tano alikula kipande cha ini. Siku ya sita magamba yakaanza kubanduka, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu na safi.

Siku ya nane macho yalikuwa wazi, yote mawili. Nilimkagua kwa lenzi, sikio kwa sikio, sikuona gamba jipya. Hajikuni. Nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu mpaka salfa yote ikatoka, nikamvua ile ngozi ya shingoni, na kabla hajakauka vizuri aliingia kwenye stoo ya majani akatoka na panya. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwita mlinzi wa mazizi aje aone.

Alasiri ile Laurenti alisimamisha lori mbele ya kituo, akielekea Songea. Kifanya iko njiani.

"Yule mama anaulizia paka," alisema. "Juzi nilimwona barabarani. Macho mekundu, hata salamu aliitikia kwa shida."

"Mwambie paka anaendelea vizuri. Zimebaki siku sita."

Laurenti alimtazama paka, ambaye alikuwa amekaa juu ya ngazi anajisafisha makucha. "Mbona mzima huyu? Nafasi ninayo hapa mbele, nimpeleke."

"Siku ni kumi na nne."

"Lakini amepona, ndugu yangu."

"Laurenti, endesha lori lako."

Alicheka, akaondoka. Nafasi ya mbele ilikuwa wazi. Niliiona.

Nitasema ukweli wa kile kilichokuwa moyoni. Hakukuwa na hatari yoyote iliyobaki ya kupima. Ila kwenye daftari nilikuwa nimechora mistari kumi na minne chini ya safu ya paka, na mwisho wa mwezi Bwana Mifugo angekuja kukagua. Nilitaka aione imejaa, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, aulize ni nini hii, nami nimweleze. Nilishaanza kuyapanga maneno ya kumweleza.

Niliomba ruhusa kwa barua, na siku ya kumi na nne nikampeleka paka mimi mwenyewe. Sikulazimika. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kushukuriwa. Baridi ilikuwa imeingia, na tulipopita Njombe ukungu ulikuwa umefunika paa za boma, Laurenti akawasha taa mchana. Paka alilala ndani ya tenga magotini kwangu njia nzima.

Nyumba ya Hezekia ilikuwa mbali kidogo na nyumba nyingine, mwisho wa njia ya miguu, kama nilivyotarajia. Hulda alitoka mlangoni. Nilimwonyesha tenga, nikangoja uso wake ubadilike. Haukubadilika. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibu, bwana. Umechoka na njia." Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Kando ya mlango palisimama fimbo ndefu ya mti wa muwati iliyomenywa gome.

Hezekia alikuwa ameketi kwenye kigoda juani, mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimpa shikamoo. Aliitikia kwa furaha, akanyoosha mkono wenye vidole vifupi, nami nikaushika. Kisha nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kipya cheupe, na umbo lake mbele halikuwa umbo la mguu mzima.

"Lini?" niliuliza.

Hulda ndiye aliyejibu. Alikuwa bado amelishika tenga. "Nilikesha siku kumi. Mchana nalima kidogo, usiku nakaa miguuni na fimbo. Nilimfunga magunia pia, lakini gunia wanalitoboa. Usiku wa kumi na moja nilikaa kama kawaida. Nikasinzia. Niliposhtuka kumekucha." Aliutazama ule mguu. "Kidole gumba na kinachofuata. Mganga wa zahanati amesema kidole gumba ndicho kinachomsimamisha mtu. Hatasimama tena bila kushikwa."

"Sikusikia kitu, mwanangu," alisema Hezekia, kana kwamba ananituliza mimi. "Niliamka yeye analia."

"Mimi ndiye niliyelala," Hulda alisema. "Siku tatu tu zilibaki. Nilishindwa na siku tatu."

Ninazo sifa chache, na uongo si mojawapo, lakini kunyamaza nilikuwa nakuweza. Hapo palikuwa pazuri pa kunyamaza. Aliyejua kwamba nilikataa alikuwa Laurenti peke yake, na Laurenti alikuwa tayari njiani kwenda mbele. Hulda alikuwa amekwisha kulibeba kosa lote, na angelibeba mpaka kaburini bila kumwuliza mtu yeyote swali. Ningeweza kunywa togwa yao, nikatoa pole, nikarudi Makambako na daftari langu safi. Nilimtazama yule mama aliyesimama na tenga mkononi, nikaona kwamba nikiondoka bila kusema nitakuwa nimemwibia kitu.

"Mama," nikasema, "paka alipona siku ya nane."

Hakuelewa mara moja.

"Siku ya nane alikuwa mzima. Laurenti alitaka kumleta, na nafasi alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekataa. Hukushindwa na siku tatu. Ungelala usiku wa tisa, na usiku wa kumi, na wa kumi na moja, paka akiwa hapa."

Hezekia aliacha kuutazama uso wangu, akautazama mguu wake. Hulda alifikiri kwa muda, kwa utulivu uleule aliokuwa nao mbele ya stoo yangu nilipomtajia njia tatu.

"Na hizo siku sita nyingine," aliuliza, "zilikuwa za nini?"

"Za ng'ombe," nilisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Hayakuja. Hulda aliinama, akaweka tenga chini, akaondoa gunia. Paka akatoka. Akainusa ardhi, akazunguka kigoda mara moja, akakinusa kile kitambaa cheupe kwa muda mrefu. Kisha akapanda juu ya miguu ya Hezekia, yote miwili, akajikunja, akalala.

Hulda aliangalia mpaka paka alipotulia kabisa. Ndipo alipoichukua ile fimbo ya muwati, akaitupa kwenye rundo la kuni. Akavuta mkeka ndani ya mlango, pale pale jua lilipokuwa linafika, akajilaza ubavu na kujifunika kanga usoni. Ilikuwa saa nane mchana. Palikuwa na mgeni uani, mtu wa serikali, hajapewa kiti wala maji, na kwa mama wa Kibena hilo ni jambo lisilofanyika. Hakuniomba radhi. Baada ya muda mfupi tukamsikia anakoroma.

Niligeuka niondoke, nisiwe mzigo.

"Kaa," Hezekia alisema kwa sauti ya chini. "Ukipita hapo utamwamsha."

Nikakaa chini, kando ya kigoda. Lori la kurudi lingepita jioni. Tulikaa, mzee anamwangalia mkewe na mimi naangalia mikono yangu, na yule paka mzima kabisa akalala juu ya miguu ile mpaka jua lilipotoka mlangoni.